Waliokufa Hawajambo

Kila asubuhi, saa tatu kamili, sauti ya Profesa Mshiriki Twilumba Kihwele iliwauliza watu mia nne wa mkoa wa Iringa kama hawajambo, na watu mia nne wakaijibu kwamba hawajambo. Mwenye sauti, wakati huo, huwa ofisini kwake mdomo umejaa kiazi cha kuchemsha, hana habari na mtu. Sauti yenyewe ilirekodiwa miaka mitatu nyuma, siku ambayo alikuwa na mafua kidogo, ikawekwa ndani ya Punje.

Punje ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Ilipandikizwa kwenye ukuta wa moyo kwa sindano ndefu, bila kupasua, na mgonjwa akarudi nyumbani kula ugali siku hiyohiyo. Ilihesabu mapigo, ilipima msukumo wa damu ndani ya moyo wenyewe, na ilibeba dawa ya miezi sita. Lakini moyo una vituko vyake. Unaweza kwenda mbio kwa sababu umezidiwa, au kwa sababu jirani amesogeza mpaka wa shamba. Kwa hiyo Punje, hata ikitia shaka, ilingoja saa tatu ifike, ikamuuliza mwenye moyo, kama ilivyomuuliza kila siku, kupitia kidude kilichobandikwa nyuma ya sikio: "Hujambo? Habari za afya yako leo?" Jibu likiwa baya, iliachia tone la dawa na kuwaita hospitali. Jibu likiwa zuri, ilisema, "Asante. Siku njema," ikanyamaza mpaka kesho. Ilisikiliza kwa sekunde kumi tu, kwa kuwa betri yake nayo haikuwa kubwa kuliko punje ya mchele.

Swali hilo alilitunga Twilumba mwenyewe, mchana mmoja, kwa dakika tano. Kifaa kilichobaki kilimchukua miaka ishirini na moja. Alikuwa ameandika makala mia moja na kumi na tisa kuhusu mioyo ya watu, na mama yake mzazi alikuwa amesoma moja, akauliza kwa nini amewaacha watu wengine kumi na wawili waandike majina yao kwenye kazi yake. Alikuwa amefundisha madaktari wa moyo wa mikoa saba. Alikuwa amekosa harusi tatu za wadogo zake kwa sababu ya makongamano. Sasa ilikuwa Jumatatu, mwezi wa nane, mwaka 2081, na Alhamisi angesimama mbele ya chuo kizima kutoa mhadhara ambao mwisho wake lile neno "mshiriki" lingeanguka kutoka kwenye jina lake. Joho lilikuwa limeshafika kutoka kwa fundi, limetundikwa nyuma ya mlango.

Kilichobaki ni kufungua siri. Nusu ya washiriki wa utafiti walikuwa na Punje hai. Nusu walikuwa na Punje zuga, ambayo iliuliza hali, ikashukuru, na haikufanya kitu kingine chochote, kama baadhi ya ndugu zetu walioko mjini. Waligawanywa kwa kura, kijiji kwa kijiji, na hakuna aliyejua nani ana ipi, si mgonjwa, si muuguzi, si Profesa. Aliyejua ni Karani peke yake. Karani hakuwa mtu. Alikuwa akili ya kompyuta iliyotunza takwimu zote za utafiti, na alizungumza kama msomaji wa taarifa ya habari ambaye hajawahi kukosea jina la waziri.

"Profesa," alisema Karani, "matokeo yako tayari. Washiriki hawajambo. Asilimia tisini na nane ya majibu ya asubuhi ni mazuri."

"Vifo?"

"Ishirini na vinne, kama unavyofahamu. Kumi na viwili upande wa Punje hai, kumi na viwili upande wa Punje zuga."

Twilumba aliweka kiazi chini. Mia mbili huku, mia mbili kule, kumi na wawili huku, kumi na wawili kule. Hata mtoto wa darasa la pili angeona kwamba miaka ishirini na moja imetoka sare.

"Rudia," alisema.

Karani alirudia, kwa sauti ileile, tarakimu zilezile. Kisha akaongeza: "Kuna jambo nisilolielewa. Ni Ihangilo. Washiriki mia moja, wote Punje zuga. Hakuna aliyekufa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Na fomu zao hazilingani. Kila asubuhi wanaiambia Punje hawajambo. Muuguzi akifika saa nne, siku hiyohiyo, wote ni mahututi. Wanavimba, wanakosa pumzi, wanalala wamekaa. Ninahisi muuguzi wa Ihangilo hasomi maswali ya fomu namba saba kama yalivyoandikwa. Kama ni hivyo, amevunja itifaki, na kipengele cha kumi na nne kinakuruhusu kuiondoa Ihangilo yote kwenye hesabu."

"Tukiiondoa?"

"Punje zuga wanabaki mia moja, na vifo vyao ni kumi na viwili. Punje hai ni mia mbili, na vifo vyao ni kumi na viwili. Punje inapunguza vifo kwa nusu. Hongera, Profesa. Niiondoe?"

Twilumba alilitazama joho. Alitaka kusema ndiyo, na tusimsingizie, alitaka sana. Lakini aliyemlea kitaaluma alimfundisha kwamba daktari asitupe kipimo kabla hajamwona mgonjwa.

"Wale ishirini na wanne," aliuliza, "asubuhi ya siku zao za mwisho, waliijibu nini Punje?"

"Kwamba hawajambo."

"Wote?"

"Wote. Kwa mujibu wa takwimu, wamekufa hawajambo."

*

Kesho yake, Jumanne, alikwenda Ihangilo. Gari lake lilijiendesha lenyewe na lilikuwa na adabu kuliko madereva wengi aliowahi kupanda nao, lakini lilipofika kwenye tope la bondeni lilisimama, likasema, "Samahani, Mama, hapa mimi sipaoni kama barabara." Hakuna maneno yaliyolishawishi. Alimaliza kilomita ya mwisho kwa miguu, na viatu vyake vya ofisini havikumsamehe.

Barazani kwa zahanati walikaa wagonjwa wapatao ishirini. Twilumba alijipangusa, akatabasamu, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Hamjambo, wazee wangu? Habari za afya zenu leo?"

"Hatujambo," walijibu wote kwa pamoja, kisha wakamwacha hapo, wakaendelea na mazungumzo yao.

Bibi mmoja aligusa nyuma ya sikio. "Leo imeniita mara mbili," alimwambia jirani yake.

"Yangu naisikia kwa nje kabisa," jirani alisema. "Nadhani inaharibika."

Twilumba alielewa kwamba hakuna aliyemwona. Kwa watu hawa alikuwa kidude cha sikioni ambacho leo kimekuja na miguu. Alijaribu tena. Aliinama mbele ya mama mmoja ambaye vifundo vya miguu yake vilikuwa vimefutika kwa uvimbe. "Mama, unaumwa miguu?"

"Aa, mwanangu. Salama tu," mama alisema, akangoja kwa heshima ashukuriwe.

Alishukuru. Angefanya nini?

Ndipo pikipiki ya umeme ilipoingia uani, na juu yake mwanamume mfupi mwenye sanduku la dawa mgongoni. Huyo ndiye Meinrad Ngonyani, muuguzi wa Ihangilo, mzaliwa wa Songea, Mngoni mpaka kwenye mfupa. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee aliyekaa mwisho wa benchi, akamvua kofia, akaivaa yeye.

"Luhwago, bado upo?" alisema. "Nimebeba sanda kutoka mjini, uzito wote ule. Sasa niirudishe kwa nani?"

"Irudishe kwenu," Mzee Luhwago alisema. "Huko ndiko mnakofia uvivu."

Baraza zima lilichangamka. Wale waliokuwa wameegemea ukuta walikaa sawa. Babu za Wahehe na babu za Wangoni walipigana vita virefu mpaka wakachoka, mikuki ikawekwa darini, na wajukuu wakabaki na matusi tu, ambayo kwa desturi hayakasirikiwi. Mtani wako anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako, na ukinuna, mwenye aibu ni wewe.

"Leta mguu huo," Meinrad alisema, akapiga goti. "Jamani, watu wa Iringa, huu ni mguu au kinu? Unatwangia nini humu?"

"Natwangia vichwa vya Wangoni."

"Ndiyo maana umejaa maji, vichwa vyetu havina kitu. Nasikia siku hizi unalala umekaa, kama bundi."

"Nani kakwambia? Mke wangu?" Mzee Luhwago alimnyooshea kidole. "Haya, nalala nimekaa. Siku ya nne leo. Nikijinyoosha napaliwa kama nimemeza mto Ruaha. Na jana nimeshindwa kufika bandani kwa mbuzi, nimekaa njiani, mbuzi wakaja kunitazama mimi. Umefurahi? Cheka basi, cheka."

Meinrad alicheka kweli, na huku akicheka mikono yake ilikuwa ikifanya kazi. Alipima msukumo wa damu, akabonyeza mguu akahesabu shimo linachukua muda gani kujaa, akasikiliza mgongo. Akaongeza dozi ya vidonge vya kupunguza maji, akaita gari la wagonjwa kwa saa sita mchana, na mpaka hapo alikuwa ameshamtukana Mzee Luhwago, baba yake, na mbuzi wote. Kisha akamrudishia kofia na kusogea kwa mama mwenye vifundo, yule wa salama tu. Dakika mbili hazikupita, mama yule naye alikuwa anamfokea kwamba ana kikohozi cha usiku kinachotoa povu, na kwamba Mngoni asimtazame hivyo, povu lenyewe ni safi kuliko pombe yao.

Twilumba alihesabu. Katika saa moja watu kumi na wanane walitoa dalili thelathini na saba. Hakuna hata swali moja la fomu namba saba lililosomwa.

Alimvuta Meinrad nyuma ya jengo, penye tangi la maji.

"Ngonyani, umeharibu utafiti wa miaka mitatu," alisema, na hasira ilikuwa imempanda kweli. "Fomu ina maswali ishirini. Yanasomwa neno kwa neno. Uliapa kuyasoma."

"Niliapa, Profesa. Nikayasoma wiki mbili za mwanzo." Meinrad alikuwa amevua utani kama mtu anavyovua glovu. "Nikamsomea Mzee Kihaga. Yule wa kinu cha alizeti. Nikamuuliza, je, katika siku saba zilizopita umepata shida ya kupumua. Akaniambia hapana, kijana, tunashukuru. Nikaandika hapana. Nilipofika getini nikasikia mke wake anapiga kelele. Tulimwahi kwa bahati tu. Nikamuuliza hospitali, mzee, kwa nini hukuniambia? Akasema, wewe ni mgeni, umekuja na karatasi, nianze kukulilia?"

"Ungeniandikia."

"Niliandika. Barua yangu aliijibu Karani. Alisema maoni yangu yamepokelewa na ni ya thamani."

Twilumba aliyatambua maneno hayo. Jibu hilo alilitunga yeye, mchana uleule wa dakika tano.

"Niandikie barua ya onyo," Meinrad alisema. "Nimekosa, najua. Ila ukitaka nirudi kwenye karatasi, mtafute mwingine, mimi siwezi kuzika watu hawa. Nitamtukana nani?"

Mzee Luhwago alikuwa amekuja taratibu, akishika ukuta, kusubiri gari lake kivulini. Alimtazama Twilumba usoni kwa mara ya kwanza.

"Kumbe wewe ndiye ile sauti," alisema, akamsalimu kwa Kihehe. "Kamwene, mwanangu. Sauti yako nzuri, ila haina subira. Mtu anakuuliza hali, unamwambia sijambo. Huko si kumjibu, ni kumfungulia mlango. Akishaingia ndiyo unamweleza. Sasa wewe nikikufungulia mlango tu, unashukuru, unaondoka. Kila siku. Nikamwambia mke wangu, huyu msichana hajalelewa."

Mambo hayo Twilumba aliyajua. Aliyajua kabla hajajua kusoma. Bibi yake aliyemlea alikuwa akisema hajambo, watoto hawajambo, ng'ombe hawajambo, ila jana nyumba imeungua. Kila Mhehe, kila Mswahili, kila mtu aliyewahi kubisha hodi anajua kwamba shida haitangulii, hutanguliwa na habari nzuri. Ni yeye tu, na digrii zake nne, aliyeweka saa mlangoni.

*

Ndani ya gari, njiani kurudi, alimwita Karani. "Zile sauti za asubuhi. Kinachosemwa baada ya sekunde kumi, kinahifadhiwa?"

"Sekunde thelathini zaidi, kwenye kidude cha sikioni, kwa ajili ya ukaguzi wa maikrofoni. Hakichambuliwi."

"Nipe za mwisho. Za wale ishirini na wanne."

Wa kwanza alikuwa mshiriki namba 088, mwanamke, Punje hai. "Sijambo mwanangu, sijui wewe," alisema. "Mafua yako bado tu? Hapa watoto wazima. Mahindi ndiyo hivyo, tunamwachia Mungu. Ila..." Na juu ya neno hilo ikaja sauti ya Twilumba, yenye mafua kidogo: "Asante. Siku njema." Chini yake mwanamke aliendelea, kwa mbali, akizungumza na kitu kilichokwisha kuzima, kwamba tangu juzi kifua kinambana kama amefungwa kanga.

Alisikiliza zote. Kumi na tisa kati ya ishirini na wanne walikuwa na "ila". Mmoja alisema "isipokuwa". Wanne hawakufika huko, walikuwa bado kwenye habari za mifugo. Na wale wenye Punje hai walikuwa wamebeba dawa ndani ya mioyo yao, dozi kamili, iliyokuwa ikingoja neno moja.

Twilumba alilia. Alilia kwa uchungu na kwa aibu, bila mpangilio, kama watu wanavyolia msibani, mpaka gari likauliza kama angependa hewa iwe ya baridi zaidi.

Jumatano alikwenda kwa Mkuu wa Kitivo. Profesa Nkwabi Shigela alikuwa Msukuma mtu mzima, mpole, aliyependa mambo yaishe vizuri. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamsogezea maji.

"Dada yangu," alisema, "Ihangilo ilivunja itifaki. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Kipengele cha kumi na nne kipo tangu siku ya kwanza. Hukukitunga jana. Sheria iko upande wako, na mimi niko upande wa sheria."

"Najua."

"Tena sikiliza. Ukiiondoa Ihangilo, unapata nusu. Nusu ya vifo, Twilumba. Punje itasajiliwa, itaingia mikoa yote. Ukiibakiza, ni sare, haisajiliwi, na hao wa nusu watakufa huku wewe ukitafuta ukamilifu. Kidogo si haba."

Hoja hiyo ilimwingia, kwa sababu haikuwa hoja ya mtu mbaya. Alikunywa yale maji yote.

"Ikishasajiliwa haibadilishwi kwa miaka saba," alisema hatimaye. "Hilo nalo ni sheria. Nitakuwa nimeweka ndani ya mioyo ya watu milioni kadhaa swali ambalo hakuna mtu mwenye adabu atakayelijibu. Nusu hiyo ni ya wale waliokosa adabu, Profesa."

Shigela alicheka bila kupenda, akajifuta macho. "Na uprofesa wako?"

"Nilishashona joho," Twilumba alisema. "Linaumiza kuliko unavyofikiri."

Alhamisi ukumbi ulijaa. Alivaa joho hilohilo, lakini sura haikuwa ya sherehe. Aliweka ukutani jedwali lenye Ihangilo na jedwali lisilo na Ihangilo, akaeleza kwamba sheria inamruhusu kuchagua la pili, na kwamba amechagua la kwanza. Kisha akazima picha, akawasikilizisha sauti.

Mwanzoni walicheka. Mzee wa namba 213 alikuwa na maelezo marefu kuhusu beberu aliyeingia kanisani, na msimulizi mzuri hachekwi kidogo. Ilipofika "ila" ya tatu, kicheko kilikuwa kimebaki safu za nyuma tu. Ilipofika ya saba hakukuwa na kicheko. Aliwasikilizisha zote ishirini na nne, na baada ya kila moja, sauti yake mwenyewe ikawatakia siku njema.

"Mnayemsikia ni mimi," alisema mwishoni. "Kifaa hakikukosea. Kilifanya nilichokiambia. Mimi ndiye niliyeuliza hali na kuondoka."

Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyejua kama inafaa. Mjumbe wa mamlaka ya vifaa tiba, aliyeketi mbele, aliandika mstari mmoja kwenye daftari lake, akafunga kalamu. Neno "mshiriki" lilibaki mahali pake. Joho lilirudi nyuma ya mlango, na mwezi mmoja baadaye lilikuwa limeshaanza kutundikiwa miavuli.

Barua ya onyo kwa Meinrad aliiandika, kwa sababu kosa ni kosa. Aya ya kwanza ilimkaripia kwa kuvunja itifaki kwa makusudi kwa miezi thelathini na minne. Aya ya pili ilimwomba afundishe. Meinrad aliibandika zahanati Ihangilo, ukutani, ili kila Mhehe ajionee jinsi Wahehe wasivyojua wanachotaka.

*

Ilichukua miezi mitano kupanga utafiti mpya, na ndani yake hapakuwa na Punje zuga. Punje zote zilikuwa hai, zote zilisikiliza mpaka msemaji amalize, na betri zilikuwa kubwa kidogo, kama punje ya mahindi, jambo lililowaudhi sana mafundi. Swali la sikioni liliondolewa kwa nusu ya vijiji. Huko angepita mtani kila wiki, na mtani ndiye angeiambia Punje la kufanya. Wangoni waliletwa Iringa. Wahehe walipelekwa Ungoni, na kwa kuwa Wahehe waliokubali kwenda kutukanwa kwa mshahara wa serikali walikuwa wachache, orodha ilipungukiwa na mtu mmoja. Twilumba aliandika jina lake.

Meinrad alimpa mafunzo ya siku mbili. "Usianze na hujambo," alimwambia. "Ukisema hujambo umekwisha, utaambiwa sijambo, utarudi kwenu. Anza na tusi. Dogo tu. Halafu, Profesa, baada ya hapo unyamaze. Hapo ndipo nyie wasomi mnaposhindwa."

Njia nzima alikuwa akijizoesha, gari likimsikiliza na, kwa adabu, bila kutoa maoni. Nyumba ya kwanza kwenye orodha ilikuwa ya Bibi Skolastika Tawete, miaka sabini na sita, kijiji cha Litumbi. Kadi yake ya zahanati ilisomeka safi miaka minne mfululizo: hana malalamiko.

Bibi alikuwa ukumbini, ungo wa maharage mapajani, akichambua. Hakuinua kichwa. Twilumba alisimama mlangoni. Aliwahi kusimama mbele ya mabingwa elfu tatu wa moyo bila kutetemeka, lakini sasa alijipangusa viatu mara mbili.

"Nimeambiwa," alisema, "nimeambiwa hapa anaishi Mngoni mmoja mvivu, hata kufa anaahirisha."

Mikono ya Bibi Skolastika ilisimama juu ya maharage. Alimtazama mgeni kuanzia nywele mpaka viatu, akarudi tena juu, polepole, kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Wewe ni Mhehe," alisema.

"Ndiyo, Bibi."

"Nimeona. Mwingine angetukana vizuri." Alisukuma kigoda kwa mguu. "Keti. Mwendo wenyewe huo, unahema wewe kuliko mimi. Jeshi lenu lilirudi kwao hivyohivyo."

Twilumba aliketi. Jibu alikuwa nalo, alikuwa amelitayarisha tangu Makambako, kuhusu nani hasa alirudi kwao na kwa kasi gani. Alilimeza. Sekunde kumi zilipita. Alizihesabu, kwa mazoea, kisha akaacha kuhesabu. Bibi alichambua maharage. Kuku aliingia, akatazama, akatoka. Twilumba alichukua konzi ya maharage kutoka kwenye ungo, bila kuombwa, akaanza kutoa mawe.

"Hilo si jiwe," Bibi alisema. "Hilo ni haragwe. Kwenu hamlimi?"

Twilumba alilirudisha haragwe. Akachukua konzi nyingine.

Ungo ulikuwa umefika nusu, Bibi Skolastika aliposema bila kuinua macho, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi: "Tangu Pasaka silali chali. Nakaa kitandani mpaka jogoo awike. Wanangu hawajui."

Twilumba aliendelea kuchambua.

"Endelea, Bibi," alisema. "Sina pa kwenda."